Taratibu Kwenye Sakafu ya Baba

Mume wangu ni seremala, na mtaa mzima unamwita Taratibu. Jina hilo nilimpa mimi, tena kwa hasira, mwaka ule tulipooana, siku aliponisimamisha nje na mizigo kichwani huku yeye akipiga randa mlango ambao haukuwa na shida yoyote. Watu wakalidaka. Yeye wala hakukasirika. Ukimwita Taratibu anaitika, lakini kwanza anaweka chombo chini, anakung'uta mikono, ananyoosha mgongo, ndipo anakusalimia. Hajawahi kumwamkia mtu mzima huku kazi iko mkononi. Anasema hiyo ni sawa na kumpa mtu mgongo.

Mama yangu anaishi hatua chache kutoka kwetu, katika nyumba ya sakafu ya mbao iliyopigwa na marehemu baba kwa mikono yake. Macho ya mama yamefifia. Humo ndani anatembea peku, na mbao zinamwambia kila kitu: nani kaingia, kasimama wapi, kabeba kitu au mikono mitupu. Lakini mbao zimezeeka, zinatoa vibanzi. Mwezi uliopita kibanzi kilimwingia kisiginoni, kikatunga usaha, akalala kitandani wiki mbili.

Kaka yangu mkubwa akapata sababu. Ni mtu mwema, ila anapenda vitu vinavyong'aa. Akasema mbao zing'olewe, viwekwe vigae. Mama akakataa, wakabishana, mwisho mama akatoa hukumu.

"Mpeni mkwe wangu wiki moja. Akizilainisha, zibaki. Akishindwa, leta vigae vyako."

"Na akiziharibu?" kaka akauliza.

"Akiziharibu pia."

Wiki moja! Mtu ambaye kiti kimoja kinamchukua siku tisa. Hata mimi niliyemzoea nilianza kuhesabu siku kwa vidole. Juu ya hayo, mbao zile zilishapigwa msasa mara nyingi enzi za baba, na kilichobaki juu ya misumari ni kiasi kidogo mno. Kazi ya mkono isingewahi. Ikabidi akakodi mashine, ile nzito ya kusukuma ukiwa umesimama, yenye roli tumboni na mkanda mpana wa msasa unaozunguka juu yake.

Mwenye duka aliileta mwenyewe. Alieleza kwa mwendo wa mtu aliyeacha chungu jikoni, akatuachia karatasi ya maelekezo, akaondoka. Taratibu akaizunguka ile mashine mara tatu bila kuigusa.

"Mama watoto, hebu soma."

Nikasoma. Mstari wa kwanza: chomoa plagi kabla ya kugusa mkanda. Vizuri. Mshale ulio ndani ya mkanda uelekee upande ambao roli linazunguka. Vizuri. Mstari wa tano: mkanda ukikimbilia pembeni, urekebishe mashine ikiwa inawaka.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.

"Sasa mbona kule juu imesema nisiguse?"

"Mimi ndiye niliyeiandika?"

Alikaa chini kabisa, karatasi magotini. Miaka thelathini ameshika randa, na randa hairekebishwi ikiwa inatembea. Unasimama, unagonga kidogo, unachungulia, unaendelea. Akaamua kufuata akili yake. Alifunga mkanda, akauvuta mkono wa kukazia, akawasha. Mkanda ukakimbilia kushoto, ukaanza kula bati la mashine, cheche zikaruka. Akazima. Akazungusha skrubu kwa kubahatisha, akawasha tena. Sasa ukakimbilia kulia. Mkanda wa kwanza ukachanika, na wa pili ukafuata. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: mume wangu, ambaye sijawahi kumsikia akitukana, alimtukana mama yake mshale.

Nikamnyang'anya karatasi, nikaisoma tena polepole, na ndipo mwanga ukaingia. Kuvaa mkanda ni kazi ya mashine iliyochomolewa. Kuusogeza mkanda ni kazi ya mashine inayowaka, lakini roli likiwa limeinuliwa, haligusi sakafu, na mkono unashika skrubu ya nje tu. Hapo unazungusha kidogo sana, unasubiri uone mkanda unakwenda wapi, ndipo unazungusha tena. Akafanya hivyo. Mkanda ukasogea, ukasita, ukatulia katikati. Akaniangalia kama mtoto aliyefunga kamba za viatu.

"Haya," nikamwambia, "kumbe hata mashine inataka taratibu."

Kesho yake alizamisha misumari yote kwa nyundo na kipande cha chuma, mmoja mmoja, akiipapasa kwa kiganja. Alifungua madirisha, akavaa barakoa na vifuniko vya masikio, akautupa waya begani ili usije ukaingia chini ya mkanda. Mama nilimpeleka kwa jirani. Kazi ikaanza, nami nikasimama karibu na soketi. Alikuwa ameelewa jambo moja kubwa: unaanza kutembea kwanza, halafu unalishusha roli, ukifika mwisho, unaliinua ungali unatembea. Likiwa chini huruhusiwi kusimama hata kufumba na kufumbua. Alilirudia kwa sauti kama mtu anayekariri namba ya simu.

Sebule ikaanza kutoa rangi ambayo sikuiona tangu niko msichana. Nilitaka kulia, sikulia, nikaenda kumwaga mfuko wa vumbi nje, maana karatasi ilisema vumbi lile likirundikana linaweza kushika moto lenyewe.

Niliporudi, mama alikuwa mlangoni. Amechoka na soga za jirani, kaja mwenyewe kwa kupapasa ukuta. Taratibu alikuwa katikati ya sebule, anakuja upande wetu, roli chini. Akamwona mkwe wake. Akasimama. Akanyoosha mgongo, akashusha barakoa, akainamisha kichwa kwa adabu zake zote.

"Shikamoo, mama!"

Mashine ikazidi kuunguruma palepale. "Inua!" nikapiga kelele. "Inua!" Na vile vifuniko masikioni, akanigeuzia sikio, anatabasamu, hajui mbele wala nyuma. Harufu ya mbao kuungua ikanifikia. Nikachomoa plagi.

Pale aliposimama palikuwa na bonde, pana kama mashine yenyewe. Vichwa vya misumari mitatu viling'aa chini yake.

Akaigeuza mashine ubavu, akauchungulia mkanda. "Uko katikati," akasema. Akashika skrubu. "Sijaigusa." Akasoma karatasi kuanzia juu mpaka chini, kidole kikifuata kila neno. "Nimefanya yote. Sasa imekuwaje?" Hakuwa anajitetea. Kweli hakujua, na uso ule ulinichoma kuliko lile bonde. Ulimi wangu, ambao hauna breki, siku hiyo uligoma kumwambia.

Mama ndiye aliyeuliza. "Ilipochimba ulikuwa unafanya nini, baba?"

"Nilikuwa nakuamkia, mama."

Akasikia alichosema. Akakaa chini kwenye vumbi.

Mama alisogea kwa miguu yake hadi kwenye bonde, akalizungushia unyayo. Mimi tayari nilikuwa naviona vigae.

"Imebaki kiasi gani?"

"Nusu ya sebule, na vyumba viwili," nikajibu.

"Nipeni na mimi hiyo ya puani. Niwekeeni kiti pale konani. Wewe inuka umalize kazi. Utanipita nikiwa hapa, na ukiniamkia, vigae vinaingia."

"Mama, nikupite hivi hivi?"

"Hivi hivi."

Mara ya kwanza alipompita niliona mabega yake yakipanda mpaka masikioni. Hatua zikataka kufa, lakini akaliinua roli kabla hazijafa, akatembea mbele, akageuka. Mara ya pili alifumba jicho la upande wa mama. Mara ya kumi alikuwa anatiririka jasho la aibu tupu, ila mwendo haukukatika. Sijui alimpita mara ngapi. Jioni mashine ilipozimwa na plagi kuchomolewa, alikwenda moja kwa moja konani, akapiga magoti na kumwamkia kwa zile mara zote. Mama alicheka mpaka akakohoa vumbi.

Lile bonde alilizamishia misumari upya, akalilainisha kingo kwa mkono, lakini kuliondoa asingeweza bila kuimaliza sakafu.

Siku ya saba kaka akaja na fundi wa vigae. Waliingia na futi, wakapima sebule, wakatoka, wakarudi kupima upya. Sakafu ilikuwa laini kama kiganja cha mtoto, na kaka aliona hivyo, sema hakutaka kusema. Akawa anatembea huku anatafuta kosa, na kosa likampata: mguu wake ukazama.

"Na hapa je?" Sauti ikapanda. "Si tulikubaliana akiharibu mbao zinatoka? Nani kafanya hivi?"

Taratibu, aliyekuwa chumbani anapaka vanishi, akatoka, akaweka brashi chini, akakung'uta mikono, akafungua mdomo kukiri. Mama akamwahi.

"Hapo ndipo shemeji yako aliponiamkia."

Kaka akanitazama mimi. Akamtazama Taratibu. Akaliangalia bonde. "Mama, sielewi."

"Huwezi kuelewa," mama akasema kutoka kwenye kiti chake. "Wewe leo umeingia humu mara mbili, mbao zimeniambia ni wewe, nami nimekaa hapa nasubiri salamu mpaka sasa."

Fundi wa vigae ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alianza kukunja futi yake.