Jirani Aliyeapa Kwamba Naimba

Aibu nyingine mtu unazikwa nayo, lakini hii siwezi, maana nusu ya watu wa foleni ile ya kura nasali nao, na wakisimulia wao wanatia chumvi, kwa hiyo bora mseme mmeisikia kwangu.

Ilikuwa uchaguzi wa rais wa 2016, kura yangu ya kwanza tangu niwe raia, na nilikuwa na miezi miwili tu New Hope, Minnesota, nimehamia kutoka Texas. Miaka tisa nilikuwa nikiisubiri kura ile, jamani. Nilivaa suti. Nikishuka ngazi nikamkuta jirani yangu wa chini, Mama Furaha, mama wa Kikongo aliyepitia kambi za wakimbizi za Kigoma, anatoka mikono mitupu, nami (hapa ndipo nilipojiponza, ningepita zangu tu) nikaamua kumsaidia.

"Shikamoo mama. Kitambulisho umebeba?"

"Marahaba. Hapa habaombi, mwanangu."

"Mama, huu ni uchaguzi wa rais! Sheria ni moja nchi nzima."

Akatabasamu. Nikampa lifti hadi kituoni, njia nzima namfundisha katiba niliyoikariri kwa mtihani wa uraia (ile sehemu ya madaraka ya majimbo nilikuwa nimeiruka).

Zamu yake ilipofika akataja jina na anwani, akatia sahihi, akapewa karatasi ya kura. Basi! Mimi huyo, nikapaza sauti mbele ya foleni nzima kwamba mama huyu hajaonyesha kitambulisho. Hebu fikiria, nimemleta mwenyewe kwa gari langu halafu namshtaki.

Msimamizi alikuwa bibi wa Kizungu mwenye sweta ya kufuma (Minnesota wanawaita majaji, na nilivyosikia jaji nikaweka tai sawa). Akaniambia taratibu, "Rais ni wa nchi nzima, bwana, lakini uchaguzi unaendeshwa na jimbo. Mama huyu alishajiandikisha, sheria yetu haimdai zaidi. Na wewe je?"

Nikatoa leseni kwa madaha. Leseni ya Texas! Akauliza nina nini cha kuonyesha kwamba naishi pale. Mkataba wa nyumba una jina la binamu yangu, na bili ya simu bado inakwenda Houston. Kule nilikotoka ningekuwa nimechelewa karibu mwezi mzima, lakini hapa, akasema, naweza kujiandikisha papo hapo, mradi mpigakura wa eneo hilohilo aape kwamba anajua ninapoishi.

"Kuna jirani yako yeyote hapa?"

Foleni ikanitazama. Mama Furaha ndiyo kwanza anaingiza karatasi yake kwenye mashine. Miaka tisa yangu yote ilikuwa mikononi mwa mwanamke niliyetoka kumuumbua, nikatamani ardhi ipasuke.

Akaja hata sijamwita. "Namujua huyu. Anakaa juu yangu. Asubui saa kumi na moja anaangusha viatu, kisha anaimba ku douche, na ile wimbo haijui bien."

Jaji akanigeukia. "Amesemaje?"

Ikabidi nitafsiri! Na suti yangu, mbele ya watu wote, nikatangaza kwa Kiingereza kwamba naimba vibaya bafuni. Foleni ikaangua kicheko, Mama Furaha akainua mkono akaapa, akatia sahihi, nami nikapiga kura machozi yananilengalenga.

Nje nilimwomba radhi. Hakuninunia hata kidogo, alikuwa anaipapasa ile stika ya "Nimepiga kura" waliyombandika kifuani.

"Tangu kambini bantu ndio banasaini juu yangu, eti huyu ni nani, anatoka wapi," akasema. "Leo mimi njo nimesaini juu ya muntu."

Nilimheshimu yeye, na nililiheshimu jimbo lililoona neno lake linatosha.

Tangu siku ile nimeapa sitamfundisha tena mtu sheria za kwake, na viatu navua mlangoni. Kuimba nako nilitaka kuacha, Mama Furaha akakataa katakata.

"Ukinyamaza," akasema, "siku ingine nitakushuhudia na nini?"