Kinga ya Kumeza

Dobi alizaliwa na ualbino, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko jua. Ukimtania kuhusu ile kofia yake pana, anakujibu mpaka unajuta kuzaliwa. Lakini aliivaa kila alipoanika nguo za wateja, maana alishawahi kukatwa kidonda cha saratani sikioni.

Siku moja dada yake mkubwa akamletea chupa mbili, moja ya vitamini, nyingine ya madini yaitwayo seleniamu. Lebo zimeandikwa: KINGA YA NGOZI.

"Meza, mdogo wangu. Kinga ni bora kuliko tiba."

Nani abishane na dada? Akameza. Na kinga ikishakuwa tumboni, kofia ya nini tena na joto lote lile? Akaitundika.

Kidonda kikatokea kwenye mdomo wa chini. Alishtuka, akaongeza vidonge. Kila asubuhi yuko kwenye kioo: kimepungua? Au kimepanuka? Kliniki aliijua, ila aliogopa atakachoambiwa, na vidonge havikumwambia neno baya. Damu ilipodondokea shuka la mteja, dada alimkokota hospitali.

Daktari alisoma lebo, akaguna. "Mwili ukipungukiwa vitamini, tunakuongezea. Lakini kidonge si kofia. Na hii seleniamu, waliowahi kuugua kama wewe walipopewa kwenye utafiti, haikuwakinga. Baadhi yao saratani iliwarudia zaidi. Acha leo. Kidonda kilianza lini?"

"Wiki mbili hivi."

Ametamka tu, aibu ikamshika. Kila wiki wateja humletea shati lenye doa walilokwisha kulipiga pasi, na wote husema limeingia jana. Doa lililopigwa pasi halitoki; yeye huwafokea, "Ungeniambia ukweli ningejua pa kuanzia!"

"Hapana, daktari," akasema. "Miezi minne."

Daktari akaandika. "Kesho tunakata. Halafu tutapima tezi za shingo, tujue kama saratani imesambaa."

Kwenye benchi la nje dada alikuwa analia. "Nimekuua, mdogo wangu?"

Dobi aliketi kando yake, akamfuta machozi. Alikuwa anaogopa kupita kiasi.

"Wewe ulitaka nipone, dada. Mimi nilitaka tu nisiambiwe ukweli."