Siki ya Mzee Faki wa Wingwi

Safari hii niliifanya kwa ajili ya siki, na asiyeijua shida ya siki miaka ile ya vita atanicheka. Meli zilikuwa hazileti kitu. Mama yangu, ambaye watu wa Wete walimjua kwa achari yake ya ndimu na ya embe, alibakiwa na siki ya kulowesha kijiko tu. Tukasikia kuna mgema huko Wingwi, jina lake Mzee Faki, aliyetubu kuwauzia walevi, na sasa tembo lake lote hulifungia mitungini mpaka ligeuke siki. Mama akaniambia, "Nenda kaionje mwenyewe. Ikiwa haijageuka bado, usinletee hata tone."

Alfajiri nilitoka na punda wa kuazima, madebe matupu yakigongana ubavuni mwake. Punda yule alikuwa na tabia ya kusimama kila aonapo kivuli, na njia ya kutoka Wete, kwa mikarafuu yake, ni vivuli vitupu. Nilimtukana kwa yote niliyoyajua. Mimi si mtu wa subira, na wanaonijua wanajua.

Jua lilipopanda mikarafuu ikapungua, tukaingia nchi ya mawe, vishamba vidogo vya muhogo na mbuzi waliofungwa kamba vichakani. Kisimani nikamkuta mwanamke anateka maji. Nikamwamkia, nikamuuliza kwa Mzee Faki ni wapi.

"Kwa Faki wenda kufanya nini?"

"Kununua siki."

Akaweka ndoo chini. "Faki kaanguka nnazini. Mwezi wa pili huno hajainuka, na hatoinuka. Nyumba yake ni ile ya mwisho."

Nilisimama nikiwaza kurudi. Kisha nikasema moyoni kwamba aliyeanguka ni Faki, mitungi haikuanguka. Ndivyo nilivyowaza, na nayaandika kama yalivyokuwa.

Adhuhuri nilipiga hodi. Mkewe, Bi Mize, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, alinikaribisha ndani. Mzee Faki alikuwa amelala juu ya kitanda cha kamba, kifua bado kipana cha mtu wa kupanda minazi, na miguu imekauka kama si yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. N'ngekuinukia, lakini miguu hainsikii."

Akanieleza mwenyewe, polepole, akipumzika kati ya maneno. Baba yake aliletwa kutoka bara, akaoa hapa, akamfundisha mwanawe kugema. "N'mewalevya watu umri wangu wote. N'lipotubu n'kasema, nnazi ntapanda, lakini kitachotoka nyumba hino kiwe halali. Mitungi mitatu ndo ya mwanzo, na ndo ya mwisho. Kaionje. N'nataka n'sikie imekuwa siki kabla sijaondoka."

Bi Mize akanipeleka uani, ilikopangwa mitungi chini ya paa la makuti. Akafungua wa kwanza, akachota kwa kata, akanipa. Ilikuwa siki ya kweli, kali, iliyovuta mataya mpaka macho yakatoka maji. Nikaisifu kwa sauti.

"Usinsifu," Mzee Faki akaitika kutoka ndani. "Mgema akisifiwa, wajua mwenyewe." Nikamsikia akicheka, kisha akikohoa kwa muda mrefu.

Mtungi wa pili ulikuwa vilevile. Wa tatu, kata ikaibuka na kipande cha kitu laini, cha rangi ya udongo. Nikamwangalia Bi Mize.

"Nkate wa mofa," akasema kwa kunong'ona. "N'metia yote mitatu, ligeuke upesi."

Chuoni, tulikosomea Kurani, sote tulifundishwa jambo hili. Tembo likigeuka lenyewe huwa limetakasika. Likitiwa kitu ili ligeuke, ni najisi, hata liwe siki kali namna gani. Nikamuuliza kama hakujua.

"N'najua. Yeye ndo alonfundisha." Akaufunika mtungi. "N'lona yeye anakwisha na tembo haligeuki. N'kasema afe na furaha yake, dhambi iwe yangu. Mwambie imegeuka. Ichukue, kaimwage njiani. Pesa yako siitaki."

Aliutia mkate ule wakati ambao watu walikuwa wakilala na njaa. Nikaingia ndani nikamwambia mzee, "Imegeuka," bila kumtazama usoni, ingawa neno lenyewe lilikuwa kweli.

Machozi yakamtoka mzee yule, wala hakujaribu kuyaficha. Akasema, "Alhamdulillahi. Mize, leta kikombe. Mwenye mali na mnunuzi hunywea kikombe kimoja, ndo biashara ikawa."

Hilo hatukulifikiria. Bi Mize akakileta kikombe na siki ndani, akainama, akamwinua mumewe kichwa kwa mkono mmoja. Mzee akafungua mdomo. Kikombe kikafika karibu na midomo yake, kikasimama hapo.

"Usinywe, mume wangu. N'meitia nkate."

Mzee Faki alimtazama mkewe. Nilitamani nisingekuwepo mle ndani.

"Tungengoja," akasema mzee.

"Weye hungengoja."

Ilikuwa kweli, na sote watatu tuliijua. Mzee akasema, "Kijana, imwage yote." Akamshika mkewe mkono, akamvuta akae kitandani. Nilipotoka alikuwa bado hajamwachia.

Niliimwaga nyuma ya jiko, mtungi baada ya mtungi. Ardhi ile ni mawe, hainywi. Siki ikatambaa mpaka chini ya ukuta, harufu yake ikaingia nyumbani.

Alasiri nilianza kurudi na madebe matupu. Punda alisimama kila alipotaka, nami nikamwacha asimame. Usiku uliniingilia njiani. Mama alikuwa macho, nikamweleza yote. Akasema, "Maskini, mke yule." Mwaka ule hakutia achari.

Watu wa nyumbani huniuliza nilijifunza nini huko. Najibu kwamba tunawasifia watu subira kana kwamba kila mtu amepewa siku za kusubiria. Mzee Faki hakuwa nazo, na mkewe alizitafuta kwa mkate, akazikosa. Mzee alizikwa kabla mwezi haujaandama. Bi Mize alikaa eda, miezi minne na siku kumi, katika nyumba ambayo bado ilikuwa inanuka siki.