Dirii ya Mifuko ya Simenti

Harufu ile ilinikuta Tunduma mwaka huu, nyuma ya gereji ya malori, nilipokuwa nakata njia kurudi chumbani kwangu. Kijana mmoja alikuwa ameinama juu ya bampa lililopasuka, akilipaka gundi ya faiba kwa brashi kuukuu. Ni harufu kali yenye utamu kidogo, kama tunda bovu lililomwagikiwa petroli. Mguu mmoja ulisimama, wa pili ukataka kukimbia. Kijana akainua kichwa, akaniuliza, "Mama, umepotea?" Nikamwambia hapana, napita tu.

Na kweli nimekuwa nikipita tu. Singida nilikaa miaka minne, Mpanda mitatu, Makambako sikumbuki. Watu huniuliza kwa nini situlii, nami huwajibu kwa utani kwamba miguu yangu ilirogwa. Ninyi nitawaambia, kwa sababu hamnijui, na kwa sababu harufu ile imeninyima raha tangu siku hiyo.

Nyumbani kwetu ni Endasak, chini ya mlima Hanang. Baba yangu alifanya kazi miaka mingi kwenye mashamba makubwa ya ngano, kule tambarare. Hakulima. Kazi yake ilikuwa kuziba matangi ya maji na mabodi ya mashine za kuvunia, kwa vitambaa vya faiba na gundi ile. Kazi ilipopungua alirudishwa nyumbani akiwa na kikohozi na debe moja la gundi. Debe alilihifadhi kwenye stoo, kikohozi kilikaa popote alipokaa yeye. Tulikizoea kama watu wanavyozoea jogoo wa jirani. Alfajiri tulijua baba ameamka kabla hajaweka mguu chini.

Mwaka huo nilikuwa darasa la tano. Mwalimu Skola, aliyehamishiwa kwetu kutoka Songea na ambaye hakuwahi kuizoea baridi yetu, ndiye aliyesimamia maigizo ya Ijumaa Kuu. Alikuwa akifundisha amevaa soksi mbilimbili na kujitanda khanga juu ya sweta. Alihitaji akida, yule mkubwa wa askari wa Kirumi anayesimama chini ya msalaba na mwishoni anakiri kwamba waliyemuua hakuwa mtu wa kawaida. Wavulana walikuwa na sauti, lakini kila mmoja alisahau maneno katikati. Mimi nilikuwa sisahau, na nilikuwa mrefu kuliko darasa zima. Akaninyooshea chaki.

"Akida gani anavaa sketi?" akauliza Bura kutoka dawati la nyuma.

"Hata Warumi walivaa sketi," Mwalimu Skola akamjibu. "Wewe na kaptura yako utakuwa mwizi wa kushoto."

Darasa lilicheka hadi mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia. Nilikimbia nyumbani siku hiyo bila kuhisi mawe. Nilipomweleza baba, aliacha kukohoa, au ndivyo ninavyokumbuka. Akanigeuza huku na huku kama fundi anayepima mlango.

"Akida hawezi kuvaa boksi," akasema. "Akida anavaa dirii, vazi la chuma la kifuani. Kesho ulete mifuko ya simenti."

Zahanati ilikuwa ikiongezwa chumba, na mafundi walitupa mifuko mitupu nyuma ya jengo. Nilikusanya kumi na moja, nikaikung'uta mpaka nikawa mweupe kama mzimu. Mama alipika uji mzito wa mahindi usiotiwa kitu. Baba akanivika gunia kuukuu kifuani, juu yake akaanza kubandika vipande vya karatasi vilivyochovywa kwenye uji, tabaka juu ya tabaka, huku mimi nimesimama nimenyoosha mikono kama ndege anayekausha mabawa. Uji ulikuwa wa baridi na ulinitiririka hadi kiunoni. Kila nilipotingishika aliniambia, "Tulia, afande." Hakuwahi kuniita hivyo kabla. Dirii ilipoanza kukauka aliipasua ubavuni kwa kisu, akanivua kama anavyomenya muhogo.

Chapeo aliifinyanga juu ya sufuria. Kishungi chake kilitokana na mkia wa punda wetu, ambaye alibaki na aibu msimu mzima. Karatasi peke yake ilikuwa imara kiasi, lakini Ijumaa Kuu kwetu huangukia masika, na baba alijua mvua moja ingemrudisha akida kuwa uji. Ndiyo maana alilitoa lile debe. Mama alimtazama. "Si ulisema hilo ni la kuanzia kazi?" akauliza. Baba akamjibu kwamba hii nayo ni kazi.

Gundi ile haikauki yenyewe. Hutiwa matone ya dawa kutoka kwenye chupa ndogo, na dawa ikishaingia huanza kupata moto na kushika. Lakini chupa ya baba ilikuwa imebaki na dawa kidogo sana, na juu ya hapo ukungu wa Hanang ulikuwa umeshuka tangu Jumapili ya Matawi na kukataa kuondoka. Kwetu husemwa kwamba mlima ukijifunika blanketi, usianike kitu. Jumatatu baba alipaka tabaka la kwanza. Jumanne nilipoligusa lilinasa kidole changu, na nilipokitoa nikaacha alama ya dole gumba upande wa kushoto wa kifua, mistari yake yote ikionekana. Nilitaka kulia.

Baba akaingiza jiko la mkaa kwenye stoo, ili dirii, na ngao alizowatengenezea askari wengine, zipate joto. Stoo ile zamani ilikuwa ya ndama. Ilikuwa na mlango mzito, na dirisha moja la ubao linalofungwa kwa nje kwa kigingi cha mti cha kuzungusha, ili anayekwenda kukamua aweze kulifungua bila kuingia. Baba aliufunga mlango kwa sababu ya upepo na kuku, lakini dirisha akaliacha wazi kabisa. Aliniita akanionyesha.

"Gundi inataka joto," akasema, "lakini mimi nataka hewa. Dirisha hili lisiguswe na mtu. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Jumatano mchana, baada ya kula, alikuwa ndani akipaka tabaka la mwisho. Nilikuwa nakwenda bombani, ndoo kichwani, nikapita nyuma ya stoo. Ukungu ulikuwa unaingia dirishani kama moshi unaorudi nyumbani. Nilichungulia. Baba alikuwa amenipa mgongo, amepiga magoti mbele ya ngao kwa mwanga wa chemli, na dirii ilikuwa imening'inia karibu na dirisha kabisa, inang'aa kwa unyevu. Niliigusa. Bado ilinata. Ilikuwa imebaki siku moja na nusu. Nilimwona akilini Bura akiniangalia pale msalabani, nami nanata kama ulimbo, shule nzima ikicheka na mapadre wakijizuia.

Nililisukuma dirisha polepole lisilie, nikakizungusha kigingi. Kilikuwa kigumu, kimevimba kwa mvua, nikalazimika kuweka ndoo chini na kutumia mikono miwili. Nilijiambia ni kidogo tu, nitalifungua nikirudi. Baba hakugeuka. Gundi ile ukiinamia muda mrefu masikio huvuma, alishawahi kunieleza.

Bombani kulikuwa na foleni, na Bura alikuwepo, amekalia ndoo yake.

"Shikamoo, akida," akasema, na wenzake wakacheka.

"Marahaba, mwizi."

"Hiyo nguo yako ya chuma imekauka?"

"Itakauka leo."

"Na maneno unayajua, au utasimama pale unatoa macho?"

Basi nikayasema. Niliinuka juu ya zege la bomba, nikayasema maneno ya akida kwa sauti yote niliyokuwa nayo, mara ya kwanza, kisha mara ya pili kwa sababu kina mama waliokuwa kwenye foleni waliniomba. Mmoja wao alifuta macho kwa pindo la khanga. Nilijaza ndoo yangu wa mwisho, kwa maana kila aliyenisifu nilimwachia nafasi yangu. Nimeishi miaka mingi tangu hapo na sijawahi kufurahi vile tena. Nawaambia hili ili mjue nilikuwa nafanya nini wakati ule.

Niliposhuka nyumbani mlango wa stoo ulikuwa wazi na baba alikuwa amelazwa kwenye majani yenye maji, midomo yake rangi ya zambarau. Mama alikuwa amepiga magoti kando yake, anamvua shati. Alikuwa amekwenda kumpelekea chai, akabisha, akasukuma. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Funga punda."

Tulimlaza baba kwenye mkokoteni, juu ya magunia, na punda asiye na mkia wa kuonekana akatuvuta hadi zahanati. Mganga pale alikuwa Mzee Shabani, mtu wa Tanga, mpole, aliyekuwa akitibu nusu ya kata kwa dawa na nusu nyingine kwa maneno. Alimweka baba kwenye benchi karibu na mlango uliokuwa wazi, akamwinamisha, akampigapiga mgongo. Baada ya muda mrefu sana baba alivuta pumzi iliyosikika kama gunia linalopasuka.

"Mkaa na ile dawa, kwenye chumba kilichofungwa," Mzee Shabani akasema, baada ya mama kumweleza alivyomkuta. "Hata ng'ombe angekufa. Mwenyewe unajua kazi hii. Nani alifunga dirisha?"

Baba alifumbua macho. Aliniangalia mimi, au alimwangalia punda aliyekuwa nyuma yangu, sikuweza kujua. Akasema neno moja.

"Upepo."

Ijumaa nilivaa dirii. Ilikuwa imekauka, ngumu kama kibuyu, mama ameipaka rangi ya fedha iliyobaki kwenye mabati. Chini ya rangi, upande wa moyo, alama ya dole gumba langu ilikuwa imeganda. Ndani ilinuka, na kila nilipovuta pumzi niliivuta ile harufu iliyomwangusha baba. Yeye mwenyewe aliletwa na jirani, akakalishwa kwenye kiti kando ya njia, amefungwa blanketi hadi kidevuni. Bura alining'inia kushoto, kimya, amenyamazishwa na baridi. Zamu yangu ilipofika nilisema maneno yangu bila kukosea hata silabi. Watu walisema baadaye kwamba akida alilia machozi ya kweli. Mwalimu Skola alijivunia sana. Baba alitoa mkono mmoja nje ya blanketi, akanipigia saluti, kisha kikohozi kikamkunja.

Hakuinuka vizuri tena. Alizikwa kabla hatujavuna mahindi. Mzee Shabani alimwambia mama kwamba kifua kile kilikuwa kimeliwa na kazi miaka mingi kabla, kwamba hata bila siku ile kisingefika mbali. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, nikayashika maneno hayo kama mtu anayeshika kamba. Ni kamba iliyonifikisha hadi darasa la saba, na sekondari, na baada ya hapo ikanikatikia, nikaanza kuhama.

Sikumwambia mtu. Nilijipa faraja moja tu, kwamba baba alikufa akiamini ni upepo. Kwamba angalau hakunijua.

Miaka mingi baadaye, mlima uliposhusha matope Katesh, simu ya mama haikupatikana siku mbili. Nilipanda basi bila begi. Endasak ilikuwa salama. Nilimkuta mama anachambua maharage uani, mzee, mdogo kuliko nilivyomwacha. Tulilia kidogo, kisha akanituma stoo nikachukue ungo.

Dirii bado ilikuwepo. Ilikuwa imepinduliwa juu ya pipa la mahindi, kama mfuniko, rangi yote imebanduka. Watoto wengine waliivaa miaka kadhaa, mama alinieleza, mpaka maigizo yakaachwa. Kwenye chapeo kuku alikuwa ametaga. Ndani kulikuwa na giza, kwa hiyo nilizunguka nyuma kulifungua dirisha. Kigingi kilikuwa kilekile. Kilikataa. Nikaweka mkono wa pili, nikakaza meno, kikazunguka.

Nilibaki nimekishika. Mtu anayekizungusha kigingi kama kile anajua anachofanya. Upepo unaweza kulibamiza dirisha. Hauwezi kukaza kigingi. Na aliyekichonga, akakipachika, akakikaza kwa mikono yake ili hata pepo za mwezi wa saba zisikitikise, ni baba.

Alijua. Alijua pale kwenye benchi la zahanati, kabla hajapata pumzi ya pili, na pumzi ya kwanza aliyoipata aliitumia kunifunika. Aliniundia dirii mbili wiki ile, na ya pili niliivaa zaidi ya miaka thelathini bila kujua ni nani aliyenivika. Nilidhani ni siri yangu. Kumbe ilikuwa kazi ya mikono yake, kama ile nyingine. Nikawaza pia kwamba, kama angenigombeza, hata kunichapa, pengine ningelia, nikasamehewa, nikakaa Endasak. Sijui. Mtu hawezi kumlaumu aliyetumia pumzi yake ya kwanza vile, na bado kuna siku namlaumu.

Mama alikuwa amenifuata, ameegemea ukuta. Aliutazama mkono wangu juu ya kigingi, kisha akanitazama mimi.

"Alinikataza nisikuulize," akasema.

Ukungu ulikuwa unashuka, unaingia stoo kwa utaratibu wake wa siku zote. Mama akajitanda shuka lake vizuri.

"Haya, funga," akasema. "Mahindi yataota ukungu."

Mikono yangu ilikataa. Akanisogeza taratibu kwa bega, akalifunga mwenyewe.