Oili ya Klabu na Nguzo za Omwenga

Baba yangu mdogo Omwenga ndiye aliyekuwa mtu wa mashine ya kukata nyasi pale klabu ya wazungu, Kisii mjini. Mashine ilipoletwa, wenzake waliruka nyuma iliponguruma. Yeye hakuruka, basi akapewa. Mwaka wa hamsini na nne nilikuwa nakaa kwake, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya klabu, nikimlelea mkewe Nyanchera mtoto. Shule nilikuwa nimeshaiacha.

Omwenga hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa akijenga nyumba yake kwao Gesima, na nguzo alizipaka oili nyeusi mchwa wasizile. Hapo ndipo taabu ilipoanzia, kwa sababu klabuni nako oili ya mashine ilikuwa inapungua.

Jioni moja nyapara wetu, Angwenyi, alikuja nyumbani. Nilimpa kiti, akakataa.

"Omwenga, mashine yako inakunywa oili kushinda lori. Kwa nini?"

"Ni kuukuu, nyapara. Oili inaungua pamoja na petroli. Moshi si unauona?"

"Moshi! Na zile nguzo za Gesima, umezipaka moshi?"

"Ile ni oili chafu. Issack mwenye duka alinipa alipoimwaga kutoka kwenye lori lake."

"Issack akupe wewe kitu bure? Mimi nimenunua kwake miaka yote, hata pipi hajaniongeza!"

Alipoondoka, nilimwona Nyanchera akilichukua koti la mumewe msumarini, akalinusa. Mimi nilingoja atoke, nikalinusa pia. Lilinuka oili. Lingenuka nini kingine? Hata hivyo tangu siku hiyo nikawa namtazama mikono kila anapoingia.

Angwenyi akaamua mashine isilale tena bandani. Itafungiwa kwenye stoo ya soda, na ufunguo atakaa nao yeye. Stoo ilikuwa nyembamba, mashine haikuingia mpaka ilazwe ubavu kati ya makreti. Aliisukuma mwenyewe, oili ikiwa imejazwa mpaka kwenye alama mbele ya macho yake, akapiga kufuli.

"Sasa tuone mwizi atapita wapi."

Asubuhi mashine ilikataa kuwaka. Omwenga alivuta kamba mpaka jasho likamtoka. Alifungua plagi, akaipangusa, akairudisha, na ilipowaka ilitoa moshi kama nyumba inayoungua. Angwenyi akapima oili. Imeshuka! Kesho yake hivyo hivyo, tena imeshuka zaidi.

"Kumbe una ufunguo wako," akasema. "Jumamosi uhame, wewe na watu wako."

Nyumba ya Gesima haikuwa na paa bado, na mvua ilikuwa inanyesha kila alasiri. Nyanchera alimwambia mumewe mbele yangu, "Kama uliichukua, nenda uombe msamaha. Mtoto huyu nitamlaza chini ya nguzo?"

"Na wewe pia?" Omwenga akauliza. Hakula siku hiyo.

Ijumaa alimwomba Angwenyi afungue stoo, asiondoke. Wafanyakazi walisogea kutazama, na mimi nilikuwepo na mtoto mgongoni. Mashine ikatolewa, ikasimamishwa. Omwenga akafungua plagi, akaiinua juu. Ilikuwa nyeusi tititi, inadondosha oili kama mwiko uliotoka kwenye mchuzi.

"Sasa vuta kamba, nyapara. Wewe mwenyewe."

Angwenyi, kwa kuwa watu wanamtazama, aliinama akavuta kwa nguvu. Oili iliruka kutoka kwenye tundu la plagi, ikampata shati la kaki mpaka shingoni.

"Ee tata!" Ogari mpishi akapiga kofi. "Mwizi ameshikwa! Huyo hapo kifuani kwako!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Omwenga hakucheka.

"Inalazwa ubavu," akasema. "Usiku kucha oili ya chini inaingia huku juu kwenye plagi, asubuhi inaungua. Aliyeilaza ni nani?"

Angwenyi alijipangusa polepole. "Na ile iliyopungua kabla sijaifungia?"

"Nilikuambia. Moshi."

"Haya. Usihame. Lakini oili nitaipima mimi, kila asubuhi na kila jioni."

"Ipime," Omwenga akamjibu. "Na mashine tafuta mtu mwingine." Akaenda kwa wafyekaji, akaomba fyekeo.

Nyumba tulibaki nayo. Nyanchera alimpikia wimbi na kuku wiki ile, na alimwita kwa jina la babake Omwenga, kwa heshima, kama siku za harusi, lakini alijibiwa kwa kichwa tu. Mashine akapewa mpwa wa Angwenyi. Iliendelea kutoa moshi na oili iliendelea kushuka, na sikumsikia nyapara akiuliza inakwenda wapi.