Siku Bi Swaumu Alipojisalimisha

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sikatai. Mteja akinirudishia karatasi mara tatu eti wino umefifia, namwambia aende akaandike kwa mkono. Lakini jirani yangu Bi Swaumu sijawahi kumpandishia sauti, kwa sababu moja tu: yake inaishinda yangu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mtangazaji wa stesheni ya reli hapa Tabora. Yeye ndiye aliyewaambia abiria treni ya Kigoma imechelewa kwa saa ngapi na kwamba mabehewa ya Mpanda yatatenganishwa na treni hapo Kaliua, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza, taratibu, bila kumung'unya hata silabi moja. Alipostaafu akajenga nyumba ndogo hapa Chemchem, ukuta kwa ukuta na duka langu la steshenari. Mpaka leo akiniita kutoka uani kwake, "Advera," naangalia kwanza mzigo wangu uko wapi.

Aliyemrudisha kazini ni Silasi. Huyu ni mtu wa Lusu, kule Nzega, ana miaka thelathini na mmoja, na macho yake yaliharibika kwa ugonjwa akiwa na kumi na tisa. Anaishi hapa mtaani kwa dada yake Suzana, anasuka viti vya kamba za plastiki. Mwaka juzi alijitia kichwani kwamba atafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Watu walicheka, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Siku moja Bi Swaumu alikuwa sokoni anabishana na muuza migebuka, wale samaki wa Kigoma, juu ya bei. Silasi alikuwa amesimama karibu, fimbo mkononi, akageuka.

"Mayu," alisema, maana kwao mama ni mayu, "wewe si ndiye wa treni?"

"Nilikuwa," akajibu Bi Swaumu.

Utotoni Silasi alikuwa akisafiri na mama yake kwenda Kaliua kwenye mashamba ya tumbaku, na ile sauti ya stesheni ilikuwa imemkaa. Pale pale sokoni akamweleza shida yake. Kitabu cha Historia cha nukta nundu hakukipata popote, kilichopo ni cha wenye macho. Akamwomba amsomee kidogo na kumrekodia kwenye simu, ili asikilize huku anasuka. Bi Swaumu alidhani ni kurasa mbili tatu. Alikuja kugundua kwamba ni kitabu kizima, sura kumi na mbili, na kufikia hapo alikuwa ameshanogewa.

Alisomea stoo, katikati ya magunia ya mpunga, godoro kuukuu limeegemezwa mlangoni ili makelele ya mtaa yasiingie. Wakati wake ulikuwa baada ya sala ya adhuhuri. Alinitumia ujumbe nizime mashine ya fotokopi saa nzima, nami niliizima huku nanung'unika, wateja wananitazama kama nimerukwa na akili.

Na alisoma kila kitu. Kazi ya reli ilimfundisha kwamba tangazo halikatwi. Alisoma jalada, majina ya waandishi, sanduku la posta la mchapishaji, namba zote, kisha ule ukurasa ambao hapa duniani hausomwi na mtu: "Haki zote zimehifadhiwa. Hairuhusiwi kunakili, kurekodi wala kusambaza sehemu yoyote ya kitabu hiki, kwa njia yoyote ile, bila idhini ya maandishi ya mchapishaji." Aliusoma kwa Kiingereza kama ulivyoandikwa, halafu akaurudia kwa Kiswahili, kwa msisitizo, kama anawaonya watu wasivuke reli. Haikumpitikia hata kidogo kwamba anayeonywa ni yeye. Mimi ninayetoa fotokopi za vitabu kila siku, ukurasa huo huwa nauruka ili kuokoa wino.

Kwenye picha na ramani ndipo alipojiachia. Kulikuwa na ramani ya njia za misafara ya zamani, akamwambia Silasi, "Laza mkono wa kulia mezani. Kwenye kiwiko ni Bagamoyo. Panda taratibu kuelekea kwenye vidole. Ukifika kwenye kifundo cha mkono, hapo ni kwetu, Tabora, wapagazi wanapumzika. Ncha ya kidole cha kati ni Ujiji." Silasi aliniambia kwamba siku hiyo aliifahamu ramani kwa mara ya kwanza tangu awe kipofu.

Habari hazikai. Mwanamke mmoja asiyeona wa Kaliua akaomba naye, wakaja wawili wa Nzega, akaja mwingine wa Mpanda. Bi Swaumu aliwaelekeza dukani kwangu, nami nikawajazia rekodi zake kwenye memori kadi, mia tano kwa kadi, nikijisemea kwamba ni ya umeme.

Oktoba mwaka jana akaingia dukani Bwana Masolwa, wakala wa kampuni ya vitabu ya Dar es Salaam, na begi lake la sampuli. Kwa bahati mbaya nilikuwa najaribu kadi moja kwa sauti ya juu, na Bi Swaumu alikuwa ndiyo kwanza anaanza: haki zote zimehifadhiwa, hairuhusiwi kunakili, kurekodi wala kusambaza. Bwana Masolwa akaweka begi chini.

"Dada Advera, huyu ni nani?"

Mdomo wangu huu. Nikajigamba, "Huyo ni jirani yangu, Bi Swaumu. Kitabu kizima kakisoma. Mpaka Mpanda wanamsikiliza."

"Hicho ni kitabu chetu," alisema. "Na kampuni imeanza kuuza vitabu vya kusikiliza mtandaoni. Siku hizi biashara ya mtandao ina sheria zake, si kila mtu anajirekodia anavyotaka. Tena huyu anajua haruhusiwi, na anasema mwenyewe."

Hakuniuliza wanaosikiliza ni akina nani, nami kwa kiburi sikumwambia. Wiki moja baadaye ikaja barua. Bi Swaumu aliisoma akiwa amesimama mlangoni kwangu, halafu akairudia kwa sauti, kana kwamba kuna abiria nyuma. Aache mara moja kurekodi na kusambaza, na afute nakala zote ndani ya siku kumi na nne, la sivyo atafikishwa mbele ya sheria. Akakaa juu ya boksi la karatasi.

"Advera," alisema, "kumbe mimi ni mwizi."

Nilimwambia aichane. Nilikuwa na hasira na Masolwa, na kampuni, na Dar es Salaam yote, ila zaidi ya yote nilikuwa na hasira na mdomo wangu. Na nitasema na hili: jioni ile nilichukua vitabu nilivyokuwa nimevitoa fotokopi, nikavificha chini ya gunia la unga.

Zilikuwa zimebaki sura mbili, na mtihani ulikuwa wiki tatu na nusu mbele. Bi Swaumu alimwita Silasi, akamsomea barua, akamwambia kwamba hawezi kuendelea, na kwamba yale aliyonayo kwenye simu itabidi ayafute. Silasi hakubisha. Aliuliza tu barua imetoa siku ngapi.

"Kumi na nne."

"Basi mayu, naomba unipe hizo siku zote. Ya mwisho ikifika nitafuta."

Akaondoka akipapasa ukuta. Wiki ile hatukumwona tena barabarani. Suzana alisema viti vimerundikana, hasuki, kajifungia na simu sikioni. Bi Swaumu naye hakula vizuri. Alikuwa akiniuliza, mara tano kwa siku, kama wafungwa wanawake wanaruhusiwa kupelekewa dawa za presha.

Siku ya tisa, asubuhi, akaingia dukani amevaa baibui lake la sikukuu, mkononi ana mfuko. Ndani mlikuwa na kanga mbili, mswaki, sabuni, na zile dawa.

"Funga duka unisindikize," alisema. "Nakwenda kujisalimisha."

"Kwa nani?"

"Kwa serikali. Mimi nakula pensheni ya serikali, Advera. Sitangoja kufuatwa nyumbani majirani wakiangalia."

Nilijua kumbishia ni kazi bure. Nilichoweza ni kumgeuza asiende polisi. Nilikuwa nimesikia kwa vijana wa muziki wanaotengenezea matangazo dukani kwangu kwamba mambo ya hakimiliki huanzia kwa afisa utamaduni wa manispaa. Tukapanda bajaji, mfuko wa lokapu umekaa katikati yetu.

Afisa alikuwa dada mmoja mpole anaitwa Julieth Masele. Alisimama akampa Bi Swaumu shikamoo, akavuta viti. Bi Swaumu aliitikia marahaba, akaweka mezani barua, simu na mfuko wake, kwa mpangilio huo, akakiri. Alitaja jina la kitabu, idadi ya sura, tarehe aliyoanza. Alisema hana wakili na hahitaji.

"Naomba nisikilize," alisema dada Julieth.

Sauti ikajaa ofisini. Ilipofika kwenye haki zote zimehifadhiwa, dada Julieth alijifunika mdomo kwa mkono, na mabega yakawa yanamtikisika. Aliacha iendelee mpaka kwenye jedwali la yaliyomo, ndipo akazima.

"Mama, ulikuwa unamsomea nani?"

"Silasi. Haoni."

"Na hao wengine?"

"Hawaoni pia. Mwenye macho angenisikiliza mimi ya nini, si angesoma?"

"Wewe umepata chochote?"

"Suzana alinipa kuku. Nikamrudishia."

Dada Julieth akafungua kabati, akatoa nakala ya sheria iliyokunjwakunjwa kona, akatafuta ukurasa. Alieleza polepole, na ninaeleza kama nilivyomwelewa. Mtu asiyeweza kusoma maandishi kwa sababu ya macho yake anaruhusiwa kupata nakala anayoweza kuitumia, na mtu mwingine anaruhusiwa kumtengenezea, bila kumwomba mchapishaji, ili mradi hakuna anayefanya biashara. Kuna mkataba wa mataifa unaosema hivyo, na nchi yetu imo. Wengi hawaujui, alisema, hata wenye vitabu.

"Hata kwa kumsomea kwa sauti?" aliuliza Bi Swaumu.

"Hata kwa sauti, mama."

"Hata kitabu kizima?"

"Mwanafunzi anayeona ananunua kitabu kizima au nusu?"

Wale wa Kaliua na Nzega, alisema, ni vizuri nakala zao zipitie chama cha wasioona, ziandikwe nani kapewa, zisije zikazagaa kwa wenye uwezo wa kununua. Kisha akapiga ile namba iliyokuwa kwenye barua, akaweka spika. Bwana aliyepokea kule Dar es Salaam alikuwa mstaarabu kuliko barua yake. Alisema walichoandikiwa na wakala ni kwamba kuna mtu Tabora anarekodi na kusambaza, basi. Kama ni kwa wasioona, kampuni haina neno, na barua ya kufuta ile ya kwanza itakuja wiki hiyo hiyo.

"Naomba urudie," alisema Bi Swaumu.

Akarudia. Bi Swaumu akamwuliza jina lake, akatazama saa ya ukutani, akaandika vyote viwili nyuma ya bahasha. Kisha akaniangukia begani akalia, na mimi nikalia naye, furaha ya kweli, mpaka dada Julieth akatuletea maji.

Tulipotulia, dada Julieth akanigeukia mimi.

"Na hizo kadi, dada, zinajazwa wapi?"

"Dukani kwangu."

"Bure?"

Nilitamani nidanganye, lakini Bi Swaumu alikuwa ananitazama. "Mia tano."

"Basi hapo ndipo palipo na kosa," alisema. "Koma leo."

"Nimekoma."

"Na mashine yako ya fotokopi, siku moja nitapita kuisalimia."

Nikamwambia karibu sana. Sijui nilipata wapi hata hiyo sauti. Kumbe katika chumba kile, aliyestahili kubeba mswaki ni mimi, na mwenzangu alikuwa ameubeba siku nzima.  Kwenye bajaji Bi Swaumu alinikabidhi tu mfuko nimshikie, na nikaushika mpaka Chemchem.

Hatukupitia nyumbani. Tulikwenda moja kwa moja kwa Suzana, alasiri inaingia. Silasi alikuwa chumbani, ameketi mkekani, mgongo ukutani, anaongea peke yake kwa sauti iliyokauka. Tulisimama mlangoni. Alikuwa anasema kitabu. Alikuwa anakisema chote, kwa Kiingereza kile kile cha stesheni, anataja namba ya ukurasa, anatua pale Bi Swaumu alipotua kumeza mate. Alikuwa amefika ukurasa wa mia moja na kumi na mbili.

"Tangu barua ije," alininong'oneza Suzana. "Analala kwa saa mbili tu, anaamka anaanza mwanzo. Anasema siku ya kumi na nne ikipita, kitabu atakachokuwa nacho ni kile tu kitakachokuwa kichwani."

Bi Swaumu aliingia akakaa naye mkekani. Alimweleza yote, kuanzia bajaji mpaka ile simu ya Dar es Salaam. Silasi alisikiliza bila kutikisika.

"Hakuna kinachofutwa?" aliuliza.

"Hakuna."

"Na sura mbili zilizobaki?"

"Kesho, baada ya adhuhuri. Advera atazima mashine."

 Silasi alipitisha kiganja usoni, kutoka kwenye paji mpaka kidevuni, kama mtu anayenawa.

"Kwa hiyo, mayu," alisema, "sasa naruhusiwa kusahau?"

"Sahau, mwanangu," alimwambia Bi Swaumu. "Kitabu kipo."

Silasi akajilaza kwa ubavu pale pale mkekani, na kabla Suzana hajarudi na chai, alikuwa amelala.