Nusu, Siku Mbili

Mwezi wa Julai, ambao huku kwetu Mugutha jua huonekana kwa nadra, mbwa wa baba alianza kushindwa kuinuka asubuhi. Alijivuta kwa miguu ya mbele, ya nyuma ikibaki imekunjamana kama si yake, kisha akasimama akitetemeka na kutuangalia mmoja mmoja, kama mtu aliyeanguka mbele za watu.

Baba ni fundi viatu. Kila siku hutembea hadi Ruiru mjini, kwenye baraza ya duka la Mhindi, anakokaa na kibao chake kando ya cherehani ya fundi nguo mmoja aliyetoka magharibi ya nchi. Kwa miaka kumi na mmoja mbwa alikwenda naye, akalala chini ya kibao, akarudi naye. Wakati huo baba hakuwa na mtu mwingine wa kukaa naye kutwa. Ndugu zake wawili walikuwa wamepelekwa kizuizini na serikali ya kikoloni wakati wa Hali ya Hatari, na mmoja alishakufa huko.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu kule Uganda, shahada iko ndani ya bahasha chini ya godoro, nangoja barua ya kazi ya ualimu. Kungoja si kazi ninayoiweza. Niliamka nikijiuliza kama maombi yangu niliyatia sahihi mahali panapofaa, nikalala nikijiuliza kama sahihi yenyewe ilionekana ya kiburi.

"Ni baridi imeingia kwenye viungo," baba alisema. "Hata mimi ninayo magotini."

Mama alipasha chumvi moto kwenye kikaango, akaifunga kitambaani, akamkanda mbwa nyonga. Tukamtandikia gunia lililojazwa maganda makavu ya kahawa. Baba naye alikata ngozi pana, akaishonea kipande cha blanketi kwa ndani na mshikio kwa juu, ikawa mkanda wa kupitisha chini ya tumbo la mbwa ili amwinue kwa nyuma anapotembea. Lakini mwendo ule ulimpinda baba mgongo, na kabla ya wiki kwisha akawa anamweka mbwa ndani ya kikapu kwenye karia ya baiskeli na kuisukuma hadi mjini.

"Mzee," fundi nguo akamwambia, "huyu abiria wako analipa nauli?"

"Analipa kwa kunyamaza," baba akajibu. "Wewe hungeweza."

Niliisukuma baiskeli hiyo kwenda mjini na baba siku moja tu. Karibu na soko nilimwona mwalimu niliyesoma naye akija, nikainama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu mpaka akapita. Viatu vyangu siku hiyo havikuwa na kamba. Baba, aliyevishona, alikuwa amesimama karibu, akatazama kando.

Jioni aliniambia, "Mpeleke Thika kwa daktari wa mifugo. Mimi nikienda nitaeleza kwa mikono. Wewe una Kiingereza. Mweleze vizuri."

Nilikaa siku mbili nikipanga sentensi. Nilitafuta neno la ugonjwa wa viungo kwenye kamusi, nikatafuta la nyonga, nikayarudia njiani huku nikisukuma baiskeli kwenye vilima vya barabara ya Thika, pasi yangu, ambayo Mkikuyu hakuruhusiwa kusafiri bila nayo, iko mfukoni na mbwa ameweka kidevu juu ya ukingo wa kikapu. Nilipofika ofisini nilikuwa na hotuba nzima.

Nje ya mlango palikuwa na foleni ya watu waliotumwa. Mmoja alishika kamba ya mbwa mkubwa mweupe, mwingine alikuwa na barua ya bwana wake mkononi, na mama mmoja wa Kizungu alikaa ndani ya gari na kijibwa mapajani. Hakuna mtu kama mimi aliyekuja na mbwa wa nyumbani kwao. Nikaanza kufikiri. Nikafikiri watacheka, kwamba watu wa kijijini wanakosa maziwa ya watoto na huyu ameleta mbwa aliyezeeka. Halafu nikafikiri hawatacheka, wataniuliza ninaishi wapi na nilisoma wapi, na miaka ile kijana wa Kikuyu mwenye Kiingereza kirefu hakuulizwa maswali machache. Karani, Mwafrika wa makamo mwenye miwani, aliinua kalamu.

"Mbwa wa nani?"

"Wa bwana," nikasema.

Sikupanga kusema hivyo. Neno lilitoka lenyewe, na karani akaliandika.

Daktari alikuwa Mzungu mrefu mwenye mikono ya taratibu. Aliukunja na kuukunjua mguu wa mbwa, akaweka sikio karibu na nyonga, akaniuliza kwa kile Kiswahili wanachotumia kwa wapishi wao.

"Hii mbwa nagonjwa siku ngapi?"

"Siku mingi, bwana."

"Bwana yako iko wapi?"

"Nasafiri."

Nikajisikia nikisema "nasafiri". Nilikuwa nimeandika insha ndefu chuoni juu ya lugha na utu wa mtu, na nilipewa alama nzuri. Sasa nilisimama pale, mikono nyuma, nikiongea kama mtu ambaye hajawahi kumsikia mama yake akiongea. Daktari alijaza vidonge vyeupe kwenye kopo dogo.

"Patia yeye nusu. Siku mbili. Wewe nasikia?"

"Nasikia, bwana."

Sikuwa nimesikia. Yaani maneno niliyasikia, lakini sikujua yanasema nini. Nusu kidonge kwa siku mbili halafu basi? Nusu kila baada ya siku mbili? Nusu, mara mbili kwa siku? Swali moja la Kiingereza lingemaliza jambo. Lakini mtumishi aliyetumwa na bwana wake hawezi kufungua mdomo ghafla na kuuliza kwa Kiingereza cha chuo kikuu. Nilishukuru, nikatoka.

Toka Thika hadi nyumbani nilifikiri. Kopo limejaa, nikajiambia, kwa hiyo haiwezi kuwa ya siku mbili tu. Na dawa ya maumivu itolewe siku moja iachwe nyingine, wakati maumivu hayaachi? Basi ni mara mbili kwa siku. Nilifika mlangoni nikiwa na hakika ambayo huwa nayo nikishachoka kufikiri.

"Amesemaje?" baba akauliza.

"Nusu asubuhi, nusu jioni."

"Mlielewana vizuri?"

"Vizuri."

Siku ya tatu mbwa aliinuka mwenyewe. Ya nne alitembea hadi kwenye ua na kurudi bila mkanda. Baba alimwambia kila mteja, na fundi nguo akaniita daktari barazani pale, watu wakinigeukia. "Daktari, nami nina goti, kesho nije na kikapu?" Nilicheka nao. Kwa siku kadhaa nilijiona mtu wa maana, hata nikaacha kuwaza kuhusu barua.

Kisha asubuhi moja mbwa alikataa kula. Akatapika kitu cheusi kama mashapo ya kahawa, akalala ubavu, na fizi zake zikawa nyeupe. Mama alimpa maji ya uji kwa kijiko, yakamtoka kando ya mdomo.

Baba alikuwa amepiga magoti, yale magoti yake. Hakuniangalia. "Hiyo dawa," alisema, "daktari alisema hivyo hivyo?"

"Ndiyo," nikasema.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikasimama. Kisha nikachukua baiskeli bila kuaga nikaenda Thika.

Karani alinitambua. "Leo bwana amekutuma nini?"

"Hakuna bwana. Mbwa ni wa baba yangu. Ni fundi viatu Ruiru."

Alivua miwani, akaitazama ile karatasi ya kwanza, akatazama uso wangu. "Na mimi nimeandika bwana," alisema polepole. Akakata neno kwa mstari mmoja, akaandika juu yake, akanionyesha mlango.

Kwa daktari niliongea Kiingereza. Maneno ya kamusi yote yalikuwepo, hata la nyonga. Nilitarajia akasirike au acheke. Hakufanya hata moja. Alinisikiliza hadi mwisho, akanivutia kiti, akanieleza kwa upole kama anavyoelezwa mtu mzima: acha dawa mara moja, tumbo limechubuka, mpe unga huu ndani ya maziwa, akipona na kula siku kadhaa, nusu kidonge baada ya chakula, leo umpe, kesho uache. Asinenepe, maana kila ratili ya ziada inabebwa na nyonga. Atembezwe kidogo asubuhi na jioni, si safari ndefu kwa mara moja. Alale pakavu.

Haikuchukua muda mrefu. Nilipokuwa nasimama, akaniuliza, "Mbona hukuniuliza siku ile?"

Nikasema sijui.

Nilirudi nikamkuta baba ameketi chini karibu na gunia, anashona kiatu cha mtu ili mikono isikae bure. Mbwa alipumua. Nilichanganya unga na maziwa, mama akampa kidogo kidogo, na safari hii akameza. Hapo ndipo nikasema, "Baba, dawa nilikosea mimi."

"Hukumwelewa daktari?"

"Sikumwelewa."

"Kiingereza chake kilikuwa kigumu?"

Alikuwa ananifungulia mlango nitoke. Ningeweza kusema ndiyo, na yeye angekubali, maana alikuwa radhi Mzungu awe mgumu kuliko mimi niwe mjinga.

"Hatukuongea Kiingereza. Tuliongea kile Kiswahili cha jikoni. Nilimwambia mbwa ni wa bwana mmoja Mzungu, nami ni mtumishi wake."

Baba alivuta uzi hadi mwisho. Alichoma tundu jingine, akapitisha sindano.

"Na mimi nilikuwa nani humo?"

"Hukuwamo," nikasema.

Alikata uzi kwa meno, akachukua kiatu kingine.

Mbwa alichukua siku nyingi, lakini alipona. Safari ya Ruiru imekwisha kwake. Sasa baba humtembeza asubuhi kabla ya kwenda kazini, toka mlangoni hadi kwenye mti wa mwisho wa mipaka ya shamba la kahawa, polepole, mkono mmoja kwenye mshikio wa ngozi, mwingine kwenye goti lake mwenyewe. Jioni wanarudia. Kutwa anakaa barazani peke yake, na fundi nguo haulizi tena habari ya abiria. Kopo la vidonge liko kwenye mfuko wa koti la baba. Siku ya dawa huniita nikate kidonge kwa kisu chake cha kazi, juu ya kibao, mbele ya macho yake. Huchukua zile nusu mbili, akazipima kidoleni kama zinalingana, akampa mbwa moja, nyingine akairudisha ndani ya kopo.

Barua yangu ya kazi ilikuja mwezi wa Septemba. Nilimwomba baba, kabla sijaondoka, nimtembeze mbwa mimi, hata mara moja, hata hadi nusu ya njia.

"Bado," alisema, akainama kumfunga mkanda.